Taa za Ziwani Zinadai Hesabu

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama ufukweni Kigwena, kusini mwa Burundi, na kutazama magharibi huliona ziwa limejaa taa. Ni wavuvi wa ndagala na mukeke kutoka Rumonge na vijiji vya kusini mwake, wametawanyika juu ya Tanganyika kuelekea kwenye giza la milima ya Kongo. Kila taa pale ina kazi. Inavuta vijidudu vya majini, vijidudu vinavuta ndagala, ndagala wanamvuta mukeke, na wavu uko chini unasubiri. Taa ikizimika saa nane usiku, kazi ya wote waliomo chomboni imeishia hapo, na asubuhi akina mama wanaosubiri ndagala wa kuanika wanarudi nyumbani na beseni tupu.

Watu wa ziwa hili walivua kwa mwanga tangu enzi za mababu, wakiwasha moto juu ya mitumbwi yao. Katika miaka ya 1950, wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa Usumbura, Bujumbura ya leo, walianzisha uvuvi wa meli na nyavu kubwa, na karabai za mafuta ya taa nazo zikaenea mwambao mzima. Karabai ilikuwa na jambo moja zuri: ugonjwa wake ulionekana. Utambi umechanika, ngozi ya pampu imekauka, tundu la mafuta limeziba. Fundi aliifungua, akaisafisha, ikawaka. Siku hizi karabai zinawekwa pembeni. Mafuta ni ghali, na katika Burundi ya miaka hii hata ya magari yanatafutwa kwa tochi. Taa za LED, betri na paneli za jua zimechukua nafasi. Zinakula nishati kidogo, hazizimwi na upepo, hazimwagi mafuta chomboni. Ila zikiugua, macho peke yake hayasaidii. Bodi inaonekana nzima, waya mzima, betri inang'aa, na mwanga hakuna.

Hapo ndipo fundi wa Kigwena anapohitaji kitu ambacho mikono yake, pamoja na ustadi wote ilio nao, haiwezi kumpa. Anahitaji nadharia: kanuni chache za umeme, hesabu za kuzidisha na kugawanya, na mita ya kupimia. Ninayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote mwenye uwezo wa kumfundisha.

Kigwena iko kando ya barabara ya taifa nambari 3, ile inayotoka Bujumbura, inapita Rumonge na kuendelea Nyanza-Lac kuelekea mpaka wa Tanzania. Wengi wanaijua kwa hifadhi yake, kipande cha msitu wa asili kilichosalia karibu na ziwa, na kwa michikichi inayoulisha mwambao huu mawese. Burundi ni miongoni mwa nchi ambazo kaya chache kabisa duniani zimeunganishwa na gridi ya umeme. Maana yake ni kwamba huku redio, simu, spika za kanisani na msikitini, mashine ya kinyozi na taa za wavuvi vinategemea betri, paneli na mtu anayejua kuviunganisha. Fundi wa barabarani ndiye anayewawashia watu taa. Basi elimu yake si jambo lake binafsi.

"Fundi, taa zangu zinafifia. Jana hazikufika hata saa sita."

"Betri hiyo imekufa, mzee. Tafuta nyingine."

Mazungumzo ya namna hii utayasikia kwenye vibanda vya mafundi kuanzia Rumonge hadi Kigoma. Kuna siku fundi anasema kweli. Kuna siku hakupima chochote, amekisia tu, na mzee analipa bei ya makisio hayo. Betri mpya inanunuliwa kwa fedha iliyokusanywa kwa shida, inafungwa, na taa zinafifia vilevile.

Tuifuate kesi hiyo kwa hesabu. Tuseme mvuvi ana taa zenye jumla ya wati 60 kwenye betri ya volti 12. Gawanya 60 kwa 12, unapata ampia 5. Hizo ndizo zinazopita kwenye waya. Betri iko katikati ya chombo, taa ziko juu ya miti iliyotokeza nje, na waya una urefu wa mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo safari yake ni mita 20. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita. Mita 20 ni omu 0.35. Zidisha kwa ampia 5: volti 1.75 zimepotea njiani, kabla taa haijapata kitu. Betri ina 12, taa inapokea kama 10 na robo. Na kama mvuvi alitumia waya mwembamba wa spika, wa nusu milimita mraba, hasara inakuwa maradufu, volti 3 na nusu. Hapo hata betri iliyotoka dukani asubuhi hiyo haitaziokoa taa. Mwizi ni waya. Ukiweka waya wa milimita mraba 2.5, hasara inashuka hadi volti 0.7, na mzee anakwenda ziwani na betri yake ileile.

Kuna pia udanganyifu wa kuangaliwa hapa. Sokoni zipo nyaya zinazong'aa kama shaba ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu. Kwarua ncha ya waya kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ongeza unene au uache dukani.

Aliyetuachia hesabu hii alikuwa mtoto wa fundi. Georg Simon Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli aliyejisomea mwenyewe, akafikia kuwafundisha wanawe hisabati nyumbani. Ohm alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln alipoanza kupima nyaya, mwaka 1825 na 1826. Alichukua vipande vya urefu mbalimbali, akavipitishia umeme kimoja baada ya kingine, na kusoma jinsi mkondo unavyopungua kadiri waya unavyorefuka. Betri za wakati ule zilimsumbua, zilikuwa zinachoka katikati ya kipimo, kwa hiyo akaziacha na kutumia umeme unaozaliwa pale metali mbili zilizounganishwa zinapowekwa upande mmoja kwenye joto na upande mwingine kwenye baridi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Wasomi wengi wa nchi yake walikidharau. Ilichukua hadi mwaka 1841 ndipo Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley. Mtu huyu alikuwa anafanya, kwa umakini zaidi, kazi ileile tuliyoifanya hivi punde na waya wa mvuvi.

Anayekaa chini ya milima ya Burundi hawezi kushindwa kuielewa kanuni yake. Mito inashuka kutoka juu na kuingia ziwani. Urefu wa poromoko ni volti, maji yanayopita ni ampia, na mawe yanayoyazuia njiani ni omu. Poromoko likiwa refu maji yanasukumwa kwa nguvu. Mawe yakizidi, maji yanayofika chini ni machache. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati, yaani kazi inayoweza kufanyika kila sekunde. Aliyesoma shule ya Burundi aliandika kanuni hii kwa Kifaransa, U ni sawa na R mara I. Aliyesoma Tanzania au Kenya aliandika V mahali pa U. Ni kanuni moja, na fundi wa mwambao, ambaye vitabu vyake vinamjia kutoka pande zote mbili za mpaka, heri azizoee herufi zote mbili mapema.

Twende ndani ya taa yenyewe, maana huko ndiko kunakoungua sana. Taa nyingi za bei nafuu hupangwa hivi: LED nyeupe tatu zimefuatana mstari mmoja, na rizista moja mbele yake. Kila LED nyeupe inahitaji karibu volti 3.2 ili iwake vizuri. Tatu ni 9.6. Betri ya volti 12 ikijaa inasoma kama 12.6. Inabaki ziada ya volti 3, na rizista ndiyo inayoimeza. LED ndogo ya kawaida inataka mkondo wa ampia 0.02. Gawanya 3 kwa 0.02: rizista ya omu 150. Mambo sawa.

Sasa mvuvi amerudi asubuhi, amechoka, ameunganisha paneli kwenye betri ichaji, na taa ameiacha inawaka. Wakati wa kuchaji, betri hupanda hadi volti 14.4. Ziada iliyokuwa 3 sasa ni 4.8. Gawanya kwa omu 150: mkondo umefika ampia 0.032, zaidi ya kipimo kwa asilimia 60. LED haitalipuka. Itapata joto, itaanza kufifia kidogo kidogo, siku moja LED moja ya mstari itakatika, na kwa kuwa zimefuatana, zote tatu zinazima pamoja. Mteja anasema taa za siku hizi ni mbovu. Fundi anabadilisha LED iliyokufa, anachomea kwa risasi safi kabisa, kazi nzuri ya mkono, na baada ya muda taa inarudi na ugonjwa uleule, kwa sababu kilichoua LED ya kwanza bado kipo.

Anayejua hesabu ana la kufanya. Anaweza kuweka rizista ya omu 240, ambayo inaihifadhi LED hata kwenye volti 14.4, na akubali mwanga upungue betri ikitumika peke yake. Hiyo ni tiba ya kwanza na inafaa. Lakini hesabu hiyohiyo inamuuliza swali kubwa zaidi: je, mkondo hauwezi kubaki palepale betri ipande au ishuke? Unaweza. Transista mbili na rizista mbili, vifaa vinavyopatikana kwenye bodi ya redio iliyotupwa, vinatosha. Transista ya kwanza inaupitisha mkondo wa LED, na chini yake kuna rizista ndogo ya omu 33. Ya pili inailinda rizista hiyo. Volti juu yake zikifika kama 0.65, transista ya pili inafunguka na kuibana ya kwanza isipitishe zaidi. Gawanya 0.65 kwa 33: ampia 0.02, palepale tulipotaka. Betri iwe na 12 au 14, LED haijui tofauti.

Nimelieleza jambo hili kirefu makusudi. Katika hatua hiyo moja fundi ametoka kwenye kubadilisha kifaa na kuingia kwenye kubuni. Hakuna aliyemuuzia bodi hiyo. Ameihesabu, ameichomea, na kesho anaweza kuwauzia wavuvi wa Rumonge taa inayodumu kuliko ile ya dukani. Uvumbuzi unaozungumzwa kwenye mikutano ya hoteli kubwa huanzia kwenye meza kama hiyo, na hesabu ya kugawanya kama hiyo.

Taa hiyo ya LED nyeupe nayo ilizaliwa hivyohivyo. LED nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960. Iliyokosekana ni ya bluu yenye nguvu, na bila bluu huwezi kupata nyeupe. Kampuni kubwa za dunia zilihangaika nayo. Aliyeipatia mng'ao wa kutosha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia, iliyokuwa ndogo, katika mkoa wa Tokushima huko Japani, mbali na Tokyo. Nakamura alikuwa amesoma nadharia, lakini alikuwa pia mtu wa karakana: alichomea mabomba mwenyewe, akaibomoa na kuijenga upya mashine ya kukuzia tabaka za fuwele hadi ikafanya alichotaka. Mwaka 2014 yeye na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwanga unaomvuta ndagala usiku mbele ya Kigwena ni matunda ya mtu aliyekuwa na vitu vyote viwili, mkono na daftari.

Karibu na kwetu mifano haikosekani. William Kamkwamba wa Wimbe, Malawi, alikuwa na miaka 14 alipoachishwa shule kwa kukosa ada, njaa ikiwa imeikumba nchi. Akaenda maktaba ya kijiji, akakuta kitabu cha shule juu ya nishati, na mwaka 2002 akasimamisha kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao, kwa dinamo ya baiskeli na vyuma chakavu. Arusha, fundi baiskeli Bernard Kiwia alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa kwa nguvu ya baiskeli. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliongoza kazi ya kutengeneza roboti za kuongoza magari barabarani, zilizosimikwa Kinshasa mwaka 2013, zikitumia umeme wa jua. Baadaye Lubumbashi nayo ikapata yake. Mmoja alisoma kitabu kimoja kijijini, mwingine alitokea karakana, mwingine chuo cha ufundi. Hakuna hata mmoja aliyefika kwa kubahatisha.

Najua pingamizi inayokuja. Fundi atasema: mimi nimetengeneza redio miaka yote bila hesabu hizo, na wateja wanarudi. Ni kweli, na heshima yake anaistahili. Wapo mafundi wanaotambua kapasita mbovu kwa kuigusa tu kidole wasikie ilivyovimba kichwani, na wanapatia. Lakini ujuzi wa kuona ugonjwa ulioupata kwenye redio ya aina moja unakuacha njiani vifaa vinapobadilika, na vimebadilika kwa kasi. Fundi wa karabai aliyekuwa mfalme wa mwambao, kazi yake imeisha. Anayejua kwamba kapasita ile huharibika kwa sababu dawa iliyomo ndani hukauka kwa joto, na kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata maisha yake karibu nusu, atajua pia kwamba kwenye joto la bonde hili inafaa kuichagua ya nyuzi 105 badala ya 85, na kuiweka mbali na kitu kinachochemka. Ujuzi huo unahamia kwenye televisheni, chaja, kibadilisha umeme cha jua, na chombo kitakachoingia sokoni miaka kumi ijayo.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya uhai. Ndani ya televisheni au chaja inayochomekwa kwenye umeme wa volti 220, kapasita kubwa ya mwanzo hubeba takriban volti 311 za mkondo mnyoofu, kwa sababu kilele cha umeme wa gridi ni 220 mara 1.414. Ukichomoa plagi, chaji hiyo inaweza kubaki mle ndani. Kijana anayefungua kifuniko akidhani kifaa kimezimwa anaweka kidole kwenye hatari ambayo hakuna aliyemwambia. Aliyefundishwa hupima kwanza, hutoa chaji kwa rizista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira, hupima tena, ndipo anagusa. Betri ya volti 12 haitakurusha, ila ikipiga shoti inatoa mamia ya ampia na kuyeyusha waya mkononi. Kwa hiyo fyuzi inakaa jirani na betri, sentimita chache kutoka kwenye nguzo yake, na si huko mbele karibu na taa kama inavyofungwa mara nyingi. Kwenye chombo cha mbao katikati ya ziwa, tofauti ya sehemu hizo mbili ni moto au usalama.

Nini kifundishwe kwanza? Shule zetu huanza na atomu na elektroni, na mwanafunzi anachoka kabla ya kushika waya. Kwa fundi ningegeuza. Ningeanza na mita, kifaa ambacho wengi wanacho na wanakitumia tu kusikiliza mlio wa waya kama umekatika. Pima betri haina mzigo, andika. Washa taa, pima tena palepale kwenye nguzo, andika. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imelala, kisha ikaporomoka hadi 9 taa zikiwaka, hiyo kweli imechoka, na kipimo cha kwanza kilikuwa kinakuficha ukweli. Kama imebaki 12.2, betri ni nzima. Sasa pima mwisho wa waya, kwenye taa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hasara ya waya na viungo vyake. Dakika tano, vipimo vitatu, na ugomvi wa betri iliyokufa umekwisha. Kutoka hapo Ohm anaingia mwenyewe, kisha wati, kisha tofauti ya vitu vilivyofuatana na vilivyo sambamba, kisha dayodi, kapasita na transista. Atomu itasubiri.

Hesabu ya betri na jua nayo isikose, maana ndiko fedha za watu zinakopotelea. Taa mbili za wati 20 kwa saa 10 za usiku ni wati-saa 400. Paneli ya wati 50, kwa saa 5 za jua kali, haivuki 250 hata hasara hujazitoa. Aliyemuuzia mvuvi paneli hiyo kwa taa hizo amemuuzia upungufu wa kila siku. Na betri ya gari ya ampia-saa 50 ikitoa 33 kila usiku imevuka nusu. Betri za kuwashia magari hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, zitakufa mapema. Fundi anayejua haya atamwambia mteja ukweli kabla hajalipa.

Lugha ya kufundishia ipo. Rumonge na Nyanza-Lac ni nchi ya Kiswahili kwa muda mrefu, kwa biashara, uvuvi na ujirani wa Kigoma na Uvira. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa Tanzania, wengi wamerudi mwambao huu tangu mwaka 2008, na wapo waliosoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kijana aliyeikimbia fizikia kwa sababu ya Kifaransa anaweza kuifahamu kwa Kiswahili au Kirundi, na kisha akakirudia Kifaransa chake akiwa anajua kinachozungumzwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye kwenye meza.

Wakati nao upo. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti ndagala, na vyombo vingi hupumzika siku kadhaa. Ndizo siku taa na betri zinaletwa kutengenezwa. Walimu wa fizikia wa Rumonge, nendeni kwenye vibanda siku hizo, jioni, na ubao mdogo na chaki. Chukueni waya wa mvuvi mmoja, mpime naye, mhesabu naye. Vyama vya wavuvi, nunueni mita moja nzuri ya pamoja. Ni rahisi kuliko betri moja iliyotupwa bure. Vituo vya ufundi, andikeni kijitabu cha kurasa 40 cha umeme wa volti 12 kwa Kiswahili cha kawaida, chenye mifano ya ziwani. Na wewe fundi unayesoma haya, nunua daftari leo. Kila kifaa kinachoingia kibandani andika volti ulizopima kabla, volti ulizopima baada, na kilichokuwa kibaya. Mteja wa kwanza wa kesho akisema taa zake zinafifia, usimwambie anunue betri mpaka umepima ncha zote mbili za waya.